Jinsi ya kumuenzi rafiki wa utotoni aliyekuja kuwa kiongozi wa chuo kikuu: mwongozo kamili hatua kwa hatua

Chuo kitamuenzi rafiki yako kwa namna yake, hilo usiwe na wasiwasi nalo. Picha yake itatundikwa jengo la utawala, hotuba zitasomwa zenye orodha ndefu ya vyeo na machapisho, pengine na ukumbi utapewa jina lake. Ila kuna kitu kimoja chuo hakina na hakiwezi kukipata popote, nacho ni yule mtoto. Wenzake wa kazini walimjua akiwa tayari daktari au profesa, nyie mlimjua akiwa hajui hata kesho atasoma nini, na mkishaondoka nyie basi hiyo sehemu ya maisha yake inapotea moja kwa moja. Kwahiyo mwongozo huu wote unasimama juu ya mambo mawili: mpe kile ambacho nyie tu mnacho, na msimuombe kitu.

Hilo la pili nitalirudia huko mbele manake ndo linaharibu mambo mengi mazuri.

Hatua ya 1: Ujue kama mwenyewe anataka

Watu wengi wanaanza na ukumbi, wengine wanaanza na michango. Anza na yeye. Kuna viongozi wanapenda shughuli, na kuna wengine kila wiki wanakaa meza kuu mpaka wamechoka, mtu wa hivyo ukimwandalia sherehe nyingine yenye meza kuu hujamuenzi, umemuongezea kazi. Huyo anaweza kufurahi zaidi na barua ya kurasa 3 au mchana mmoja na watu 8 aliosoma nao.

Kama mnaongea kila mara muulize tu mwenyewe. Kama ni siri, muulize mwenza wake, mtoto wake mkubwa au ndugu yake wa karibu, na uliza maswali yanayojibika: anapenda kushtukizwa au hapendi? Kuna jambo la utotoni asilopenda litajwe? Kuna mtu wa zamani asiyetaka kumuona? Afya inamruhusu kukaa muda mrefu?

Kama mmepotezana miaka mingi usiibuke na mpango mkubwa siku ya kwanza. Kiongozi wa chuo anapata ujumbe kila siku kutoka kwa watu wanaosema wanamjua, na wengi wana shida zao, kwahiyo akiona jina lako baada ya muda mrefu atajiuliza kimoyomoyo huyu anataka nini. Mtoe wasiwasi mapema. Unaweza kuandika hivi kwa katibu muhtasi wake:

"Habari za kazi. Naitwa (jina lako), nilisoma na Profesa (jina lake) shule ya msingi, darasa la kwanza mpaka la saba. Sina ombi lolote la kiofisi. Baadhi yetu tuliosoma nae tungependa kumwandikia kumbukumbu za utoto wetu na kumkabidhi kwa wakati utakaomfaa. Naomba umfikishie ujumbe huu na namba yangu. Akikosa nafasi tutaelewa."

Hiyo sentensi ya "sina ombi lolote la kiofisi" usiitoe. Na ukishaiandika iishi.

Hatua ya 2: Kijue cheo chake sawasawa

Hatua hii ni fupi lakini watu wanaikosea hadharani, tena kwenye kadi zilizokwisha chapwa. Vyuo havifanani. Kwenye nchi nyingi za Jumuiya ya Madola, Mkuu wa Chuo ni cheo cha heshima, anatunuku shahada kwenye mahafali, na anayeendesha chuo kila siku ni Makamu Mkuu wa Chuo. Ndo maana Julius Nyerere aliweza kuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzia 1970 huku akiwa ni Rais wa nchi. Marekani mambo ni tofauti, vyuo vingi vinaongozwa na rais wa chuo, halafu ukienda University of California unakuta mfumo mzima una rais mmoja na kila kampasi ina chansela wake anayeiendesha. Vyuo vikongwe vya Scotland navyo vina rekta anayechaguliwa na wanafunzi, lakini mtendaji mkuu ni mwingine kabisa. Kwahiyo usikisie. Fungua tovuti ya chuo chake, nakili cheo kama kilivyoandikwa, na jina lake lote kama mwenyewe anavyoliandika, herufi kwa herufi.

Kama ameshastaafu uliza kama alipewa hadhi ya profesa mstaafu wa heshima, manake hiyo haiji yenyewe kwa kustaafu, vyuo vingi vinaitoa kwa uamuzi maalum.

Hatua ya 3: Chagua namna ya kumuenzi, na muache kinachohusu chuo kwa chuo

Mambo ambayo marafiki wanaweza kuyafanya wenyewe bila kumuomba mtu ruhusa ni haya: barua, kitabu cha kumbukumbu, rekodi ya sauti au video za waliomjua, mkusanyiko wa wenzake, na zawadi au tuzo kwa watoto wa shule mliyosoma. Mambo yanayohitaji chuo ni shahada ya heshima, jengo au ukumbi kupewa jina, kiti cha uprofesa (nafasi ya profesa inayobeba jina lake), na mhadhara wa kila mwaka.

Kuhusu shahada ya heshima, naona watu wanaipigia debe bila kujua inavyokwenda. Kwa kawaida jina linapendekezwa kwa maandishi, linapita kwenye kamati, linafika seneti au baraza la chuo, na vyuo vingi vinataka anayependekezwa asijue mpaka uamuzi utoke, ili asije akaaibika jina likikataliwa. Vingi pia havimpi mtu aliye kwenye utumishi wa chuo hichohicho, wala havipendi kutoa jina la jengo kwa kiongozi ambaye bado yupo madarakani. Kwahiyo mkianza kampeni kwenye grupu la WhatsApp lenye watu mia mnaweza kumfungia mlango wenyewe. Kama kweli mnaona anastahili, watu wawili watatu waandike kimyakimya kwa msajili wa chuo wakiuliza utaratibu, basi.

Halafu kuna kile kitabu cha heshima ambacho wasomi wanamwandikia mwenzao akifika labda miaka 60, 65 au 70, utamaduni uliotoka vyuo vya Ujerumani ukasambaa duniani. Kile kina makala za kitaaluma na kinaandaliwa na wanafunzi wake na wenzake wa fani. Msishindane nacho. Chenu ni kingine, na kwa maoni yangu ndicho atakachokisoma usiku mmoja mpaka mwisho.

Wala msidharau barua. Mwandishi Albert Camus aliposhinda Nobel ya fasihi mwaka 1957, Novemba hiyohiyo alimwandikia mwalimu wake wa shule ya msingi, Louis Germain, barua fupi tu ya kumshukuru, na mpaka leo watu bado wanaizungumzia. Kama nguvu zenu ni ndogo, barua 10 nzuri zilizofungwa pamoja zinashinda sherehe ya madeni.

Hatua ya 4: Chagua wakati

Usifanye wakati muhula wake unakaribia kuisha na anawania kuteuliwa tena, usifanye wakati wanafunzi wamegoma au ada zimepanda au kuna uchunguzi unaendelea chuoni, manake hata nia yenu ikiwa safi kama nini itaonekana ni kampeni au ni kumsafisha, na wa kwanza kuumia ni yeye. Nyakati nzuri ni siku ya kuzaliwa ya miaka mizima, mwaka wa shule yenu kutimiza umri fulani, au miezi michache baada ya kustaafu, pale simu zinapopungua kulia. Mimi hiyo ya mwisho ndo naipenda kuliko zote. Akiwa madarakani hakosi watu wa kumsifu, akishakabidhi ofisi ndo anajua nani alikuja kwa ajili yake na nani alikuja kwa ajili ya kiti.

Ila kama umri umekwenda au kuna maradhi usisubiri tarehe nzuri.

Hatua ya 5: Kamati ndogo na pesa zinazoonekana

Watu 3 mpaka 5 wanatosha. Mmoja wa kuwasiliana na familia na ofisi yake, mmoja wa kukusanya kumbukumbu, mmoja wa pesa. Wakizidi hapo inakuwa ni vikao tu.

Pesa zikae kwenye akaunti inayohitaji sahihi mbili au zaidi, na kila anayechanga apate risiti hata ya ujumbe wa simu. Orodha ya mapato na matumizi itumwe kwa wote, lakini msiweke hadharani nani katoa kiasi gani. Hapa nasisitiza kabisa. Kwenye darasa moja la utotoni mmoja amekuwa profesa, mwingine anauza duka, mwingine hana kazi mwaka wa tatu huu, na orodha ya michango yenye majina na kiasi inamfanya huyo wa mwisho ajitoe kimya, kumbe ndiye mwenye stori nzuri kuliko wote na pengine ndiye aliyekuwa rafiki yake hasa. Wekeni kiwango cha chini kiwe hiari, na asiye na pesa achange kumbukumbu. Hiyo ni mchango kamili, msiiite ya kusindikiza.

Na msipokee pesa kutoka kwa mtu au kampuni inayofanya biashara na chuo chake au inayotafuta tenda pale. Hata kama hakujua, jina litakaloandikwa ni lake.

Hatua ya 6: Kukusanya kumbukumbu (hapa ndo penye kazi)

Tengeneza kwanza orodha ya watu: waliokaa nae dawati moja, majirani, waliocheza nae, walimu walio hai, wadogo zake na dada zake, mtu aliyekuwa darasa la chini yake (hawa huwa wanaona vitu ambavyo marika hawavioni), na yule aliyekuwa mpinzani wake kwenye masomo. Anza na wenye umri mkubwa kuliko wote, usianze na walio karibu na wewe. Mwalimu wa miaka 85 ndiye wa kesho asubuhi, yule mwenzako wa mtaa wa pili atasubiri.

Muhoji kila mtu peke yake kwanza, kabla hamjakaa kundi. Watu wakikaa pamoja, anayeongea sana anawapa wengine kumbukumbu yake, na baada ya nusu saa wote wanakumbuka alichokumbuka yeye. Hata namna ya kuuliza inabadilisha jibu. Mwaka 1974 watafiti wa saikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu za magari yakigongana, halafu wakawauliza kasi ilikuwa ngapi kwa kubadilisha neno moja tu la swali, walioulizwa kwa neno kali wakataja kasi kubwa zaidi ya walioulizwa kwa neno laini. Kwahiyo ukimuuliza mtu "alikuwa na akili sana eeh?" umeshamjibia. Ukimuuliza "darasani alikuwa anakaa wapi, na nani?" atafunguka mwenyewe.

Maswali ambayo huwa yanatoa kitu:

- Mara ya kwanza kumuona ilikuwa wapi, mlikuwa mnafanya nini?
- Mlikuwa mnapita njia gani kwenda shule, nani mwingine alikuwepo?
- Kitu gani kilikuwa kinamuudhi?
- Mliwahi kugombana? Mlipatana vipi?
- Alikuwa anaogopa nini?
- Aliwahi kukusaidia au wewe kumsaidia, jambo ambalo hamjawahi kulisema?
- Siku mliyoachana kila mtu akaenda njia yake, unaikumbuka?

Swali la ugomvi watu wanalikwepa, wanaona ni utovu wa adabu. Mimi nakwambia liulize, manake sifa tupu zinafanana kwa kila mtu lakini namna mtoto alivyopatana na mwenzie baada ya kugombania mpira ni yake peke yake, na mara nyingi ukiangalia anavyosuluhisha mambo ya chuo leo utamuona ni yuleyule.

Kurekodi, simu inatosha. Weka mbali na feni na dirisha, iwe karibu na mdomo wa anayeongea kiasi cha mkono mmoja, zima mlio wake isilie, jaribu dakika moja usikilize kabla hujaanza. Mwanzoni kabisa mwa rekodi sema tarehe, mahali, jina la anayehojiwa, na umuulize kwa sauti kama anakubali kurekodiwa na kama unaruhusiwa kuchapa atakachosema. Usizidishe saa moja na nusu kwa mzee, rudi siku nyingine. Jioni hiyohiyo hamisha faili, kaa na nakala 3, mbili kwenye vifaa viwili tofauti na moja mahali pengine kabisa mbali na nyumba yako.

Halafu hakiki. Kumbukumbu mbili zikigongana kuhusu mwaka, tafuta daftari la mahudhurio la shule, ripoti za zamani, barua, picha zenye tarehe kwa nyuma. Zikiendelea kugongana usichague inayopendeza, andika kwamba fulani anakumbuka hivi na fulani anakumbuka vile, inapendeza zaidi hivyo na ni ukweli.

Hatua ya 7: Picha

Picha za zamani huwa ni ndogo, na watu wanazipiga picha kwa simu chini ya taa, zinatoka na mng'ao katikati. Tafuta skana. Kwa kuchapa kitabu unahitaji nukta 300 kwa inchi kwenye ukubwa utakaochapwa, kwahiyo picha ndogo ya sentimita 5 ukitaka iwe sentimita 10 kitabuni iskani kwa 600. Waambie wanaokutumia kwa WhatsApp watume kama dokumenti, wakituma kama picha ya kawaida inapunguzwa ubora.

Nyuma ya picha halisi andika kwa penseli laini, sio kalamu ya wino, na usiweke gundi wala selotepu. Majina yaandikwe yote kutoka kushoto kwenda kulia, pamoja na ya wale ambao hawakuja kuwa maarufu. Usiandike "fulani na wenzake". Wenzake wana majina.

Hatua ya 8: Cha kuandika na cha kuacha

Hapa naomba tuende polepole.

Ukisoma sifa nyingi za viongozi utaona stori ileile: alizaliwa kwenye umaskini, alitembea peku, alisomea kibatari, leo ni profesa. Inawezekana yote ni kweli. Lakini ule umaskini haukuwa wake peke yake, ulikuwa wa mama yake, wa baba yake na wa ndugu zake, na wao hawakuulizwa kama wanataka usomwe kwenye kipaza sauti mbele ya wageni 300. Kuna mtu anasimulia mwenyewe shida zake kwa kujivunia, na kuna mtu jambo hilohilo likisemwa na mwingine linamvua nguo. Kwahiyo chochote kinachohusu njaa, kukosa ada, ulevi wa mzazi, ndoa iliyovunjika, ugonjwa, kurudia darasa, kiulize kwanza kwa familia au kwa mwenyewe. Kama huwezi kuuliza, kiache.

Jina la utani nalo ni hivyohivyo. Mlikuwa mnamuita hivyo nyie, lakini wanafunzi wake 20,000 wakilisikia litamfuata mpaka kwenye kuta za mabweni.

Cha kuandika ni kitu kidogo chenye mwili. Usiandike "tangu utotoni alikuwa kiongozi mwenye upendo". Andika kitu kama: "Mwalimu akichelewa, yeye ndiye alikuwa anakusanya vipande vya chaki vilivyobaki anatugawia, halafu anajiachia kile kidogo kabisa, na ukimwambia achukue kikubwa anasema huyu ana mkono mkubwa apewe yeye." Msomaji hapo hahitaji kuambiwa ni upendo, ameshauona.

Na usimfanye malaika. Kama alikuwa mbishi, andika alikuwa mbishi, kama hesabu ilikuwa inamshinda na akawa anaomba kufundishwa, andika, na mtaje aliyekuwa anamfundisha. Watoto wa leo watakaokisoma kile kitabu wanamuhitaji huyo aliyekuwa anashindwa hesabu kuliko wanavyomuhitaji profesa.

Hatua ya 9: Kitabu chenyewe

Kila mchangiaji aandike maneno kati ya 400 na 900, asiyeweza kuandika arekodiwe na mtu amwandikie, halafu asomewe akubali. Mhariri awe mmoja. Arekebishe tahajia na aondoe marudio lakini asifanye wote waongee kwa sauti moja, yule anayeandika kama anavyoongea aachwe hivyo.

Msipange kwa vyeo, waziri mbele na mkulima nyuma. Pangeni kwa muda: utoto wa kwanza, shule, likizo, kuachana. Kwa wasifu wake wa kitaaluma ukurasa mmoja unatosha, mwisho wa kitabu, watu wakitaka zaidi chuo kinao.

Kama kitabu kinabanwa kwa pini katikati, idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4, kwahiyo 48 au 64, sio 50. Kikizidi kurasa 80 hivi mwambie mchapaji akibane kwa gundi. Ombeni nakala moja ya majaribio kwanza, na aisome mtu ambaye hakuwahi kukiona, akitafuta kitu kimoja tu: majina. Jina likikosewa kwenye kitabu cha kumbukumbu limekosewa milele.

Hatua ya 10: Kama utaongea

Uliza unapewa dakika ngapi kisha andaa pungufu yake. Kiswahili kina maneno marefu, ukisoma kwa utulivu kwenye kipaza sauti unapata kama maneno 100 hadi 110 kwa dakika, kwahiyo dakika 5 ni maneno 500 tu, ambayo ni karatasi moja na kidogo. Jipime kwa saa ya simu ukisoma kwa sauti, kusoma kimoyomoyo kunakudanganya.

Wasifu usiusome, mshereheshaji ameshausoma na ameshausoma tena. Salimia kwa itifaki kwa kifupi (omba orodha kwa afisa itifaki siku moja kabla, usiitunge pale), muite kwa cheo chake mara moja, "Profesa", halafu kama amekubali muite jina mliloitana. Simulia tukio moja, sio matano. Tukio moja lenye mahali, watu na maneno yaliyosemwa. Kisha sema unamuona wapi yule mtoto ndani ya kiongozi wa leo, sentensi mbili tatu, umshukuru, ukae.

Usimtanie kwa jambo linalopunguza mamlaka yake mbele ya wafanyakazi wake, kesho ana kikao nao. Na usitumie kipaza sauti kumkumbusha barabara, shule, ajira za vijana wa nyumbani. Hapo ndo lile la pili nililosema mwanzoni linapovunjika, unamuenzi kwa mkono mmoja unaomba kwa mwingine, na mbele za watu hawezi kukataa.

Hata faragha ni hivyohivyo. Mtoto wako akikosa alama za kujiunga, mpwa wako akiomba kazi pale, usipitishe kwa rafiki yako kwa sababu mlishamfanyia sherehe. Heshima aliyonayo imejengwa kwa kuwakatalia watu kama nyie mara nyingi sana, na ukimuenzi maana yake unalinda hicho.

Hatua ya 11: Zawadi, na mfuko kama mnaweza

Taasisi nyingi za umma zina kanuni za zawadi, kuna kiwango ambacho kikizidi lazima atamke au akabidhi ofisini. Uliza kwa katibu wake. Kwa hiyo nunueni kitu chenye thamani ya kumbukumbu: picha ya darasa iliyorekebishwa na kuwekwa fremu pamoja na majina yote, nakala ya ukurasa wa daftari la uandikishaji kama shule imeruhusu, sauti za walimu wake kwenye flashi. Hizo ni mara chache kanuni kuzikataa.

Kama mnataka kitu kinachodumu kwa watoto, hesabu kabla hamjatangaza. Mfuko wa wakfu ni pesa inayowekezwa, mtaji hauguswi, kila mwaka inatoka sehemu ndogo, wengi wanatumia kama asilimia 4. Maana yake ukitaka utoe 1,000 kila mwaka, kwa fedha yoyote mnayotumia, mnahitaji 25,000 imekaa. Vyuo vingi pia vina kiwango cha chini cha kufungua mfuko wenye jina la mtu. Kwa kundi la marafiki mara nyingi bora mfuko wa muda: kusanyeni za kutosha miaka 5 au 10, mtoe kila mwaka, mwisho ufungwe kwa heshima. Tuzo ndogo isiyokosa kutolewa inampa jina zuri kuliko mfuko mkubwa uliokufa mwaka wa pili.

Vigezo viandikwe, na wanaochagua wasiwe yeye wala ndugu zake, na watoto wa kamati wasiombe.

Hatua ya 12: Siku yenyewe

Fupi. Saa mbili au tatu. Wenzake wa utotoni wasiwekwe nyuma ya maafisa, leteni viti duara kama inawezekana, na lugha iwe ile mliyokuwa mnacheza nayo. Mtu mmoja apewe kazi ya kuwapokea wale wanaoona aibu kuingia, wapo kila mara, wanasimama nje wakijiuliza kama nguo zao zinafaa. Piga picha ya darasa upya, kwa mpangilio uleule wa picha ya zamani, na nafasi za waliofariki ziachwe wazi na majina yao yatajwe.

Muacheni na yeye aongee, lakini msimpangie hotuba. Mpeni muda wa kukaa bila kipaza sauti.

Hatua ya 13: Kama ametangulia, au yupo mbali

Akifariki kabla hamjamaliza, kazi iendelee, ila familia ndo inaongoza sasa na chuo kina ratiba yake ya mazishi, nyie ombeni nafasi moja ya kuongea na mteue mmoja. Benjamin Mays, aliyekuwa rais wa Morehouse College, chuo cha Marekani, kuanzia 1940 mpaka 1967, na Martin Luther King aliyekuwa mwanafunzi wake, walikuwa wamekubaliana kwamba mmoja akitangulia, atakayebaki ndiye atamzungumzia, na tarehe 9 Aprili 1968 ikawa ni yule mzee ndiye aliyesimama kumzungumzia kijana. Sio jambo baya nyie mkaongea mapema nani atasema nini. Taazia iandikwe na mtu aliyetulia, isomwe na ndugu mmoja kabla haijatoka.

Akiwa mbali tumeni kitabu na rekodi, mpigieni video mkiwa pamoja, na mzingatie saa za kule aliko.

Hatua ya 14: Baada ya hapo

Ndani ya mwezi mmoja fungeni hesabu, tumeni ripoti, na kila aliyechangia stori apate nakala ya kitabu hata kama hakutoa pesa. Nakala nyingine zipelekwe maktaba ya shule mliyosoma, maktaba ya chuo chake, na maktaba ya taifa kama sheria ya nchi inataka kila chapisho liwekwe pale. Rekodi za sauti na picha halisi mnaweza kuzikabidhi kwenye hifadhi ya nyaraka ya chuo, lakini ziende na karatasi iliyosainiwa na kila aliyehojiwa ikisema nani aruhusiwe kusikiliza na kuanzia lini, wengine watasema sasa hivi, wengine watasema baada ya miaka 20, na yote ni sawa. Bila hiyo karatasi chuo kitapokea boksi lenu na kuliweka vizuri kabisa, ila mtafiti akija kuliomba hawataweza kumfungulia.